Kasha la Mbegu la Mama Mkwe

Kwa miaka minne mama mkwe wangu alisema nami kupitia kuku. Sifanyi mzaha. Kuku mwenyewe alikuwa tetea mwekundu mwenye shingo tupu na maringo ya mke wa akida, na mpaka leo nikimwona kuku wa rangi ile damu inanichemka. Mama alikuwa akisimama nyuma ya ua wa miiba, mimi nikiwa upande wa pili nimegeuza uso, na lolote alilotaka nilisikie alimwambia yule kuku kwa sauti ya kufika bondeni. Nikitaka kujibu, ilinibidi nami nitafute wa kuambiwa. Mara nyingi nilikiambia kipande cha ubao.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo niliooa, huko Ugogo, mwendo wa nusu siku kutoka Dodoma kwa njia ya Hombolo. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala mwanamume haingii katika nyumba ya mama huyo. Ni heshima, niliambiwa. Sikatai. Kwetu pwani pia tuna heshima, lakini heshima ya kwetu unamwambia mkwe shikamoo, anakupa kikombe cha kahawa, mambo yanaendelea. Hii ya bara ilinitaka niishi na mtu nisiyemjua sura, naye akiyajua makosa yangu yote.

Mimi ni seremala. Nilijifunza kazi Bagamoyo, nikapanda bara na reli ya Mdachi nikitengeneza milango na madirisha ya stesheni. Reli ilipofika Dodoma na kuendelea kuelekea Tabora, wenzangu wakaifuata. Mimi nikabaki, maana nilikuwa nimeshaoa. Nilipewa kazi katika karakana ya stesheni chini ya msimamizi Mdachi, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, ambaye akiona mwanya wa kupenya ukucha kati ya mbao mbili hulitupa nje dirisha zima. Alikuwa na neno moja tu la Kiswahili alilolipenda, nalo ni pima. Pima kabla ya kukata, pima baada ya kukata, pima tena. Tulimcheka alipogeuka, lakini kazi alituachia.

Sasa, mwaka ule mvua za mwisho zilikuwa kubwa kwa siku tatu tu, halafu zikakoma kabisa. Siku zile tatu zilitosha kuiangusha sehemu ya nyumba ya mama mkwe. Nyumba za kule ni tembe, zina paa bapa la magogo lililofunikwa udongo, na udongo ukishalowa huwa mzito kupita kiasi. Magogo yaliyokuwa yameliwa na mchwa yakakatika, na chumba cha akiba kikashuka chote juu ya malindo. Lindo ni pipa la gome la mti, ndimo wanamowekea nafaka. Malindo yote yakapasuka. Walichookoa chini ya kifusi, baada ya kupepeta siku mbili, ni pishi kumi na moja za uwele.

Mavuno ya mwaka ule nayo yalikuwa ya kusikitisha. Majirani wengi walikwisha kula mbegu zao. Hizi pishi kumi na moja ndizo zilizokuwa mbegu ya nyumba ile, na si uwele wowote tu. Ulikuwa uwele wa masuke mafupi unaowahi kukomaa, mama aliurithi kwa mama yake, na ulikuwa ukiokoa watu miaka ambayo mvua inakuja kuchungulia tu na kuondoka. Hakukuwa na mwingine wa kununua. Ukipotea, shamba lingelala, na mama yule mjane pamoja na wote waliokula chunguni mwake wangekuwa omba omba kabla ya mwaka kwisha. Wanawe wa kiume walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali wakitafuta malisho, wasingerudi kujenga upya mpaka mvua. Chumba kilichobaki kilijaa ndama, panya na watu. Mbegu ilihitaji mahali uani.

Mimi nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema nitatengeneza kasha.

Mke wangu alifurahi sana, na furaha yake ndiyo iliyoniponza. Mama alitaka lindo jipya, lakini gome la mti halibanduki kiangazi. Linatoka vizuri mti unapokuwa na maji, na miti yote ilikuwa imekauka kama fimbo. Kihenge cha fito nilikikataa mwenyewe. Nilimweleza mke wangu, naye akamweleza mama, kwamba kihenge ni chakula cha mbuzi na mlango wazi wa panya, na kwamba fundi mzima hawezi kumwekea mkwewe mbegu ndani ya kikapu. Jibu lililorudi kupitia kuku lilikuwa refu. Kwa ufupi, lilisema watu walihifadhi nafaka ndani ya vihenge kabla pwani haijapata maseremala.

Kasha la kwanza sipendi kulizungumzia, lakini nitalizungumzia kwa kuwa uongo haunifai uzeeni. Karakana ilikuwa na makasha matupu yaliyoleta vyombo kutoka Ulaya, ya mbao nyeupe, laini, nyepesi, zenye harufu nzuri. Nikachagua moja zuri, nikaliwekea mfuniko wenye bawaba, nikalipakia juu ya punda. Nikaliweka uani juu ya mawe manne. Lilipendeza kama sanduku la bibi harusi. Wiki ya tatu mke wangu alikwenda kumwona mama akarudi na ujumbe. Mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo juu ya mawe, wakaingia chini, na ukigonga ubao wa chini kwa kidole, kidole kinatokea ndani. Mbegu ilikuwa salama kwa sababu mama hakuiweka humo. Alikuwa ameliacha kasha tupu makusudi alione kwanza.

Nilipokwenda mwenyewe, yule tetea mwekundu alikuwa ameshaandaliwa.

"Wewe kuku," mama alisema nyuma ya ua, "mwambie anayesikia kwamba mchwa wa kwetu wanashukuru. Hawajawahi kuletewa chakula cha Ulaya mpaka mlangoni."

Kigogo nilikwisha kukielewa vya kutosha, kwa bahati mbaya. Nikauokota ubao uliooza nikauambia kwamba safari hii litakuja kasha ambalo mchwa wataliangalia kwa mbali. Nikaondoka nimekasirika hata chakula sikula.

Ilibidi iwe mninga. Mchwa wa kawaida hawali mninga, mvua haiuharibu upesi, na ukiupiga randa unang'aa wenyewe. Karakana ilikuwa na gogo moja lililoletwa kwa ajili ya milango ya stesheni, msimamizi akalikataa. Alilikwaruza kwa ukucha, akatikisa kichwa, akasema bado bichi, liwekwe kivulini mwaka mzima. Mimi nikaliomba. Akanipa huku akininyoshea kidole cha onyo, na mimi nikaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, nikijua kabisa kwamba sina mwaka mzima. Nilikuwa na miezi minne kabla ya mawingu. Haraka haraka haina baraka, nalijua tangu mdogo, na sijui kwa nini methali hazimjii mtu ila baada ya kuharibu.

Lakini kazi yenyewe, jamani, niliifanya kazi. Misumari sikutumia hata mmoja, maana msumari hushika kutu na kutu huula ubao. Pembe nne za kasha nilizifuma kwa meno: unachonga ncha ya ubao huu meno, na ya ubao ule mapengo yanayolingana nayo, ukivipandanisha vinashikana kama vidole vya mikono miwili. Miguu niliiunga kwa tundu na ulimi, yaani unatoboa tundu la pembe nne kwenye mguu kwa patasi, unachonga mwisho wa ubao ubaki ulimi wa kuingia tundu hilo, kisha unapitisha kijiti cha mpingo katikati usichomoke tena. Mbao za chini nilizibananisha bega kwa bega na kuzifunga kwa vijiti kila upande. Kila kiungo nilikikaza mpaka kikalia. Pwani ndivyo tunavyofanya, kwa kuwa hewa ya bahari huunywesha ubao na ubao huvimba, mwanya ukajifunga wenyewe. Nilijaza maji ndani usiku mmoja, asubuhi halikuwa limepoteza hata tone.

Na lilikuwa kubwa. Hapo pia nimekosa, nakubali. Pishi kumi na moja zingetosha katika kisanduku cha kubeba kwapani. Mimi nikatengeneza la dhiraa tatu kwa urefu na la kina cha kumfika mtu kiunoni likiwa juu ya miguu yake, ili siku ya mavuno mema mkwe wangu asikose pa kuweka, na ili jirani akipita aulize ni kazi ya nani. Upana wake niliukadiria kwa macho kutoka nje ya ua nisije nikatengeneza kitu kipana kuliko mlango wa nyumba, endapo siku moja lingeingizwa ndani. Vishikio sikuweka. Kitu cha kukaa mahali pamoja kinashikwa cha nini?

Nililitenganisha, tukalipeleka vipande vipande kwa punda wawili, nikaliunganisha palepale uani. Mama akamwambia kuku kwamba ni zito. Ndiyo sifa niliyoipata.

Mbegu ikawekwa. Nikarudi Dodoma nimejaa, nikawa namwambia kila fundi karakanani. Na upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma.

Asiyekaa uwanda ule haujui upepo ule. Haukomi. Unavuma mchana kutwa, mkavu, na kila chenye maji unakinywa: midomo, mifereji, macho ya ng'ombe. Basi na mninga wangu mbichi nao ukanywewa. Siku ya ishirini mke wangu alimkuta yule kuku na wenzake sita wamejipanga chini ya kasha, wametulia kama watu walio karamuni, wakila. Mbao za chini zilikuwa zimesinyaa, na kwa kuwa nilizifunga kila upande kwa vijiti, kila moja ilijivuta kwake, katikati ukatokea mwanya. Uwele ni punje ndogo. Ulikuwa ukidondoka punje moja moja, mchana kutwa, mdomoni mwa kuku.

Nilipopata habari sikungoja ruhusa. Nilikwenda kwa miguu siku ile ile, nikamwona yule tetea amenenepa, na nilitamani sana kumchinja. Mama alikuwa amekwisha kutoa mbegu kwenye kasha na kuipima tena, zilikuwa pishi tisa na kitu. Safari hii hakufanya stihizai. Alisema tu, akiwa amempa kuku kisogo hata kuku mwenyewe hakujua kama anasemeshwa, kwamba hizo zilizoliwa zingekuwa mistari mingapi ya shamba. Neno hilo lilinichoma kuliko kejeli zote.

Nilikaa siku tatu. Nilivitoboa vijiti vya chini nikavitoa. Nikachimba mfuo katika mbao za ubavuni, mbao za chini zikae humo bila kufungwa, zitanuke na kusinyaa zipendavyo, na kila moja nikaichonga ukingo upandie juu ya mwenzake kama vigae, ili hata zikiachana pasiwe na upenyo wa kwenda chini. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo katika nchi ile, na fundi yeyote aliyezaliwa huko na kupewa patasi angejua. Mimi nilizaliwa kwenye umande.

Mama hakuridhika. Alitaka kasha likandikwe samadi na majivu, ndani na nje, kama wanavyokandika kihenge. Kukandika mninga samadi! Nilimtuma mke wangu kukataa. Mama akamtuma kusisitiza. Nikamtuma tena. Akatumwa tena. Mara ya tano mke wangu aliweka mtungi chini katikati ya uwanja.

"Nimechoka," alisema. "Mmoja wenu anasema na kuku, mmoja anasema na mti, na wote wawili mnanitukana mimi. Mbegu ikipotea mtakula heshima yenu."

Nikafunga vyombo vyangu nikarudi kazini, na nyuma yangu mama akakandika. Niliporudi baada ya wiki nne nililikuta kasha langu la mninga, lenye meno ya kumfurahisha Mdachi, limekuwa kichuguu. Nilisimama mbele yake nikakosa la kuuambia ubao, maana ubao haukuonekana. Nilichungulia chini nikitafuta punje. Hapakuwa na hata moja. Hilo lilizidi kuniudhi.

Kilichobaki ni mfuniko. Nao ulikuwa umepinda kwa jua, ukafanya tumbo katikati, ukikaa upande huu unanyanyuka upande ule. Asubuhi moja nikautoa, nikagonga viungo vyake nikautenganisha vipande viwili, nikavilaza juu ya mawe ili nivipige randa upya. Kasha lenyewe nikalifunika mkeka. Anga lilikuwa jeupe, kama lilivyokuwa kwa miezi sita. Mke wangu na wanawake wengine walikuwa wameshuka mtoni kuchimba maji mchangani. Uani nilikuwa mimi na, mahali fulani nyuma ya ua, mama.

Wingu lilitokea upande wa mashariki kabla ya adhuhuri. Siku za mvua hazikuwa zimefika, zilikuwa zimebaki wiki tatu au nne. Nililiangalia nikasema litapita. Nikaendelea na randa. Kisha ukaja upepo wa namna nyingine, wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa, ukaubeba ule mkeka ukautupa juu ya miiba. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa hata yakifika vumbini yanaacha shimo.

Uwele ukilowa ndani ya chombo ama utachipua humo humo ama utaoza. Vile vipande viwili vya mfuniko, vilivyopinda, visingezuia maji. Nilishika ncha moja ya kasha nikavuta. Halikusogea. Mninga, dhiraa tatu, udongo na samadi pembeni. Nikaenda ncha ya pili nikasukuma. Nikatazama huku na huku nimwite mtu, na hapakuwa na mtu wa kuitwa ila mmoja, ambaye siruhusiwi kumwita.

Alikuja mwenyewe. Alijifunika kaniki yake kichwa chote, akainama akashika miguu ya upande wa nyumba, akasimama akiwa amenipa mgongo. Nikashika upande wangu nikafumba macho. Hivyo ndivyo tulivyolibeba kasha lile, yeye akitangulia haoni kwa kaniki, mimi nikifuata sioni kwa heshima, tukakanyaga kila jiwe lililokuwepo uani. Vishikio, nilikuwa nikijisemea, vishikio vinne tu ungeweka, mpumbavu wewe.

Mlangoni likapita. Nilikadiria vizuri, nikaanza kushukuru. Liliingia nusu, likagota. Nikasukuma. Likagota vile vile. Kumbe hatua mbili tu ndani ya mlango kulikuwa na ukuta wa kutenga ndama, alioujenga marehemu baba mkwe, na mtu akiingia lazima akate kona mara moja. Mtu anakata kona. Kasha la dhiraa tatu halikati. Kila mtoto wa ukoo ule aliufahamu ukuta huo, kila mbuzi aliufahamu. Nilikuwa nimepima kila kitu nchi ile isipokuwa nyumba ambayo kasha lilitengenezwa kwa ajili yake, kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kuiingia. Na mwenye ruhusa asingeweza kuniambia, kwa kuwa sikumwuliza kuku.

Kulirudisha nyuma hatuna nguvu. Kuliinamisha, mbegu ingemwagika. Mama alikuwa amebanwa ndani, kati ya kasha na ukuta. Mimi nilikuwa nje, na nusu ya kasha iliyo wazi ilikuwa nje pamoja nami, na mvua sasa ilikuwa ikimwagika kweli.

Nilivua kanzu nikaitandika juu ya nusu yangu. Haikutosha, maji yalikuwa yakipita. Nikalala kifudifudi juu yake, kifua kwenye ukingo wa kasha, mgongo ukipokea mvua, na kwa mikono nikaanza kuikomba mbegu kutoka upande wangu kuipeleka upande wake. Nilimsikia akivuta vyungu, vibuyu, sijui nini. Kisha nikasikia kitambaa kikipita hewani, na kaniki yake ikanidondokea mabegani kuongezea ile kanzu. Alikuwa amejifunua ili afunike mbegu.

Nilifumbua macho kwa mshtuko. Kasha lilikuwa na kina, mbegu ilikuwa chini kabisa, na sisi wote wawili ilitubidi tuinamie ndani, kwa hiyo uso wake ulikuwa shibiri mbili kutoka kwangu. Uso mwembamba, nywele fupi zenye mvi, jicho moja lina alama ndogo nyeupe. Mke wangu atakuwa hivyo, niliwaza. Alikuwa akinitazama vilevile.

"Mwanangu," alisema, "sogeza kichwa. Unanizibia mwanga."

Nikasogeza. Mlango ndio uliokuwa na mwanga pekee, na mimi nilikuwa nimeuziba. Nikakaa upande, nikawa nakomba na yeye akichota kwa kibuyu kilichokatwa, nakomba na anachota. Akaniambia niache zilizolowa pembeni nisizichanganye. Nikamwambia hizi za kona yangu zimelowa. Akasema ziache, tutazianika, leta za katikati. Tulisemeshana hivyo mpaka chini ya kasha pakabaki kweupe, na sikumbuki kama niliona ajabu. Mvua ilipokwisha, jua likatoka papo hapo kama lililokuwa limejificha nyuma ya mlango. Alinyosha mkono nikampa kaniki yake. Akajifunika. Nikageuza uso.

Iliyolowa ilikuwa pishi moja na kitu. Nane zilikuwa kavu. Zilipandwa siku zilipowadia, zikaota vizuri, na nyumba ile haikwenda kuomba kwa mtu.

Shemeji zangu walirudi na ng'ombe mvua zilipokolea. Jirani mmoja alikuwa juu ya paa lake siku ile akiondoa mtama aliouanika, akatuona, na jambo la namna hiyo halikai kifuani mwa jirani. Mwanamume aliyemtazama mama mkwe usoni na kusema naye hutoa mbuzi, anachinjwa, kosa linafutwa mbele ya watu. Niliitwa. Nilikwenda na mbuzi wangu tayari, beberu mweupe, mnene, nikamfunga nje. Wanaume walikaa uani, na shemeji mkubwa akamwuliza mama yake, aliyekuwa nyuma ya ua, kama ni kweli mkwe alimtazama.

Sikusikia akimwita kuku. Aliwajibu wanawe moja kwa moja.

"Sikumwona mtu," alisema. "Nilikuwa natazama mbegu."

Ikawa basi. Wakacheka, wakasema mama amesema, pombe ikaletwa. Mke wangu alinong'ona alhamdulilahi, tumeokoa mbuzi, na njia yote ya kurudi Dodoma alikuwa akinieleza jinsi mama yake alivyo mwerevu, alivyonisitiri mbele za watu, akiniuliza kwa nini nimenuna. Yule beberu alikuwa akinivuta kila kichaka na mimi nikimtukana.

Sikumwambia. Katika nchi ile miaka yote waliniita fundi, au mtu wa pwani, au yule. Niliitwa mwanangu mara moja. Nilikuwa tayari kutoa mbuzi, hata wawili, kwa kuwa watu wasingemchinja mbuzi kwa ajili ya neno ambalo halikusemwa, na akichinjwa lile langu lingebaki limesemwa mbele ya wote. Mama aliishi miaka sita zaidi, kila msimu aliniletea salamu na uwele kupitia binti yake, na hakunisemesha tena.